Mbegu ya seleri haijafa, inangoja baridi

Kila mwaka, kaskazi ikivuma na jua la Januari likiwa kali, kuna watu Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja wanaomwaga udongo wa vitalu vyao kwa hasira. Walinunua pakiti ya mbegu za seleri, wakazisia, wakamwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na juu ya udongo hapakuonekana kitu ila utando wa kijani. Basi hukumu ikatolewa: mwenye duka kauza mbegu mbovu. Mara nyingi mwenye duka hana hatia. Mbegu ile ilikuwa hai, imekwisha kunywa maji, na ilikuwa ikifanya kile ambacho mbegu za ukoo wake zimekuwa zikifanya tangu kale, yaani kukataa kuota penye joto.

Lawama hizi nimezisikia mara nyingi, na kinachoniuma ni kwamba mtu akishindwa na pakiti moja huacha kabisa. Hujiambia kwamba seleri ni mboga ya Wazungu, au kwamba hana mkono wa kupanda. Wakati huohuo pakiti ileile, ya kampuni ileile, inasiwa kwenye tuta huko Lushoto na kuota bila dawa wala maombi. Mkulima wa Lushoto hana mkono wa ajabu. Ana mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa kujifunika blanketi. Tofauti yote imo katika usiku huo, na mtu wa pwani anaweza kuutengeneza nyumbani kwake akishajua mbegu inataka nini.

Tuanze na ugumu wa kwanza, ambao ni mazoea yetu mema. Sisi tumefunzwa kilimo cha nyumbani na nyanya, pilipili, bamia na mchicha. Mbegu za mazao hayo hupenda joto, na pilipili hasa huota upesi udongo ukiwa na nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Tumejifunza pia kufukia mbegu, kuiweka juani, na kutarajia majani ndani ya wiki moja. Ukizichukua kanuni hizo tatu ukampa seleri, umezifunga njia zake zote tatu. Seleri haitaki joto, haitaki kufukiwa, na haitaki kuharakishwa.

Jina lake la kisayansi ni Apium graveolens. Ni ndugu wa karoti, giligilani, bizari na shamari, na kama ndugu zake wengi ni mzito wa kuota. Kwao kwa asili ni kwenye ardhi za chepechepe za Ulaya na ukanda wa Mediterania, kandokando ya mito na hata karibu na maji ya chumvi. Wagiriki wa kale waliohamia Sisilia waliuita mji wao Selinus kwa jina la mmea huu, na jani lake wakaligonga kwenye sarafu zao. Washindi wa michezo ya Nemea walivikwa taji la seleri ya mwituni. Huko Misri, majani na maua yake yalikutwa kwenye mashada ya maua ndani ya kaburi la Farao Tutankhamun. Kwa muda mrefu haikuwa mboga hasa, kwa kuwa seleri ya mwituni ni chungu. Vikonyo vinene na vitamu tunavyovijua leo ni kazi ya wakulima wa bustani wa Italia na majirani zao kuanzia karne ya 17.

Historia hiyo haikubadilisha tabia ya mbegu. Kiangazi cha Mediterania ni cha joto na hakina mvua, na mbegu za seleri hukomaa na kuanguka katika msimu huohuo wa hatari. Mbegu inayoota wakati huo, na kamzizi kake kembamba kuliko uzi, hukauka kabla haijafika popote. Zilizosalia na kuzaa ni zile zilizojua kungoja: joto likizidi zinalala, baridi na maji vikirudi pamoja zinaamka. Kwa hiyo mbegu iliyolala kwenye kitalu chako cha Temeke mwezi wa Januari haijakosea. Inausoma usiku wa Dar es Salaam na kudhani ni kiangazi cha Sisilia.

Halafu kuna udogo wake. Gramu moja ya mbegu za seleri hubeba zaidi ya mbegu 2,000, na ukizimimina kiganjani huonekana kama chembe za ugoro. Ndani ya kila chembe kuna kiinitete kidogo sana ambacho, hata baada ya mbegu kuanguka kutoka kwa mama yake, hakijamaliza kukua. Lazima kirefuke kwanza ndani ya ganda, kikila akiba iliyokizunguka, ndipo mzizi utokeze nje. Hii ndiyo sababu ya wiki mbili na tatu za kimya. Si usingizi mtupu, kuna kazi inayoendelea ndani. Kanuni za kimataifa za upimaji wa mbegu huzipa seleri siku 21 kabla ya kuhesabu ngapi zimeota na ngapi hazikuota. Anayemwaga udongo siku ya 12 amemwaga mbegu zilizokuwa njiani.

Kiumbe mdogo kiasi hicho hana nguvu ya kusukuma udongo mwingi. Akizikwa sentimita 2 chini, akiba itaisha kabla hajaona nje. Kwa hiyo mbegu imejipa ulinzi mwingine: isipoona mwanga, haioti. Jambo hili lilieleweka vizuri kupitia mbegu za mmea mwingine. Mwaka 1952, huko Beltsville katika jimbo la Maryland nchini Marekani, Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali walimulika mbegu za saladi zilizoloweshwa. Mwanga mwekundu uliziamsha. Mwanga wa wekundu uliopita kiasi, ule ulioko ukingoni mwa uwezo wa macho yetu, ulizirudisha usingizini. Waliweza kubadilisha mwanga huu na ule mara nyingi, na kila mara mbegu zilifuata mwanga uliokuja mwisho. Kemikali inayopokea taarifa hiyo baadaye ilipewa jina la fitokromu, na seleri inayo pia.

Kuna funzo moja hapa ambalo sijaliona likiandikwa kwenye pakiti yoyote. Majani mabichi hula ule mwanga mwekundu wa kuamsha na kuupitisha ule mwingine wa kulaza. Ina maana kivuli cha mwembe na kivuli cha ukuta si kivuli kimoja, hata kama kwa macho yetu vyote vinapoza. Mbegu iliyo chini ya mti inapata habari kwamba juu yake kuna mimea mikubwa, na kwamba ikiota itanyimwa jua, basi inaona heri ingoje. Sisi watu wa pwani tukitaka kulinda kitalu na jua, mahali pa kwanza tunapofikiria ni chini ya mti. Kwa miche iliyokwisha kuota si vibaya. Kwa mbegu za seleri, mti ni mahali pabaya. Tumia kivuli cha ukuta, cha baraza, au cha neti nyeusi ya kitalu. Na kumbuka kwamba mwezi wa Desemba na Januari jua la mchana la Dar es Salaam liko kusini, kwa hiyo kivuli cha nyumba huangukia upande wa kaskazini. Juni na Julai mambo hugeuka.

Sasa joto lenyewe. Seleri huota vizuri zaidi kati ya nyuzi 15 na 21. Ikipita 25 idadi ya zinazoota hupungua, na ikikaa karibu na 30 usiku na mchana aina nyingi hukataa kabisa, hata kwenye mwanga. Lakini zile kanuni za upimaji nilizozitaja zinaruhusu maabara kubadilisha joto, nyuzi 20 kwa sehemu kubwa ya siku na nyuzi 30 kwa sehemu ndogo, na mbegu nzuri huota. Tafakari maana yake. Mchana wa joto peke yake haumzuii seleri. Kinachomzuia ni usiku usiopoa. Dar es Salaam mwezi wa Januari mchana hupita nyuzi 30, na usiku unaweza kubaki kwenye 25. Mbegu haipati hata saa moja ya kuambiwa kwamba kiangazi kimekwisha. Dodoma mchana unaweza kuwa mkali, lakini usiku wa Juni na Julai unashuka hadi nyuzi 13 au 14, na seleri inaridhika. Arusha, Mbeya, Nairobi, Bukavu na Goma hazina tatizo hili hata kidogo.

Kwa mtu wa pwani, basi, ushauri wa kwanza hauna gharama: sia wakati wa kipupwe. Kusi linapopuliza kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa Dar es Salaam hushuka karibu na nyuzi 20 au chini yake kidogo, na kazi nusu imekwisha kufanywa na upepo. Asiyeweza kungoja kipupwe anahitaji friji, au chumba chenye kiyoyozi.

Njia ya friji ndiyo ninayoiamini kuliko zote, na haihitaji kifaa cha kununua. Chukua mbegu kidogo tu, ncha ya kijiko cha chai, uziloweke usiku kucha kwenye maji yaliyopoa, ya mtungi au ya chupa. Badilisha maji mara moja au mbili, maana ganda la mbegu hizi lina kemikali zinazozuia kuota, na maji huondoka na sehemu yake. Asubuhi zichuje kwa chujio la chai, uzitandaze juu ya tishu iliyolowa lakini isiyochuruzika, ndani ya kikopo cha plastiki kinachopitisha mwanga na chenye mfuniko. Kiweke friji, rafu ya chini, kamwe si kwenye friza. Kiache humo kwa wiki moja hadi siku kumi. Baridi hii ikikutana na mbegu iliyokwisha kunywa maji huipunguzia ule woga wa joto. Ikikutana na mbegu kavu haifanyi kitu hicho, ndiyo maana kuiweka pakiti friji usiku mmoja kabla ya kusia hakusaidii.

Baada ya hapo kikopo kianze safari za kila siku. Asubuhi kitoke na kukaa mezani karibu na dirisha, mahali penye mwanga mwingi lakini jua lisikiguse, kwa sababu kikopo kilichofungwa kikipigwa na jua huchemka. Mchana ukipamba moto kirudi friji mpaka kesho yake. Mwanga wa saa chache za asubuhi unatosha, mbegu haihitaji kutwa nzima. Mwenye kiyoyozi anaweza kukiacha chumbani kwenye nyuzi 20 au 22, chini ya taa ya kawaida ya LED, bila kukihamisha. Kila siku funua, angalia kama tishu ina unyevu, acha hewa iingie, funika. Siku utakayoona kidoa cheupe kimetokeza kwenye ubavu wa mbegu, ule ni mzizi. Mbegu hiyo ihamishwe siku hiyohiyo kwa ncha ya kijiti kilicholowa, kabla mzizi haujajishikiza kwenye tishu.

Wengine hupenda kusia moja kwa moja kwenye trei mara tu wiki ya friji inapokwisha, na hiyo pia ni njia nzuri mahali ambapo usiku unapoa. Udongo uwe laini: mboji iliyochekechwa ikichanganywa na unga wa makumbi ya nazi, ambao sasa unauzwa kwa jina la kokopiti. Unga wa makumbi uoshwe kwanza kwa maji mengi, kwa kuwa mara nyingi una chumvi. Umwagie mchanganyiko maji yanayochemka ili kuua kuvu, uuache upoe kabisa na maji ya ziada yatoke. Mbegu uzianike dakika chache kitambaani, uzichanganye na mchanga mkavu uliochekechwa ili zisirundikane, kisha uzinyunyize juu na kuzigandamiza kwa mgongo wa kijiko. Usifukie. Ukiona lazima ufunike, basi vumbi la mchanga tu, kiasi cha mbegu kuendelea kuonekana.

Kumwagilia ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Tone moja kutoka kopo la kumwagilia linazifukua mbegu hizi na kuzikusanya pembeni. Trei iwekwe kwenye sinia lenye maji, inyonye kutoka chini kwa dakika chache, iondolewe. Juu ifunikwe kwa plastiki angavu, ambayo ifunuliwe kila siku ipate hewa. Mbegu iliyoanza kuamka ikikauka mchana mmoja, hiyo ndiyo hufa kweli.

Watu wa bara kavu wana msaada mwingine: gunia lililoloweshwa likizungushiwa trei, au trei kuwekwa kwenye mchanga uliolowa kando ya mtungi unaovuja jasho. Maji yanapokauka hubeba joto, na Dodoma au Shinyanga tofauti inaonekana. Mji wa pwani usiutegemee sana ujanja huu. Hewa ya Tanga wakati wa masika imekwisha kushiba unyevu, na gunia lako litakaa limelowa bila kupoza kitu.

Miche ya kwanza ikijitokeza ni nyuzi za kijani zenye majani mawili membamba, na mtu asiyejua anaweza kuidhania magugu. Nusu ya mbegu zikishaota, ondoa plastiki. Hapa anaingia adui mpya, kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaokata miche usawa wa udongo mpaka inalala yote kwa usiku mmoja. Hupenda msongamano, hewa iliyosimama na udongo unaotota. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza miche bila huruma, na ya pili ni kuacha uso wa udongo ukauke kidogo kati ya maji na maji. Najua inauma kung'oa mche uliokugharimu mwezi mzima wa subira. Ing'oe hata hivyo, maana miche iliyosongamana itakwenda yote.

Likitokea jani la kweli lenye ukingo uliochongoka, kisha la pili, hamishia kila mche kwenye kikombe chake. Kutoka hapo mpaka bustanini au kwenye ndoo huenda ikafika miezi miwili zaidi, na mbolea ya kukuzia kwa wingi haisaidii kufupisha safari. Mizizi ya seleri ni mifupi, na mmea haukusahau kwamba ulizaliwa chepechepe: ndoo yake isikauke hata siku moja. Watu wa Njombe, Makete na Limuru wao wana hofu ya upande wa pili. Mche uliokwisha kupata majani kadhaa ukikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 13 kwa siku kumi na kuendelea, unaweza kudhani umeshapita majira ya baridi ya Ulaya, ukatoa ua badala ya kunenepesha vikonyo. Huko miche michanga ifunikwe usiku.

Kwa bustani ya pwani ningependekeza pia kuchagua aina. Seleri ya vikonyo vinene, kama ile iitwayo Tall Utah ambayo imeenea kwenye maduka ya pembejeo, inataka baridi maisha yake yote, na kwenye joto vikonyo huwa vyembamba na vyenye nyuzinyuzi. Seleri ya majani, ambayo Wachina wameipika kwa karne nyingi na inalimwa hata kwenye nchi za joto za Asia ya Kusini-Mashariki, inavumilia zaidi. Vikonyo vyake ni vyembamba, harufu yake ni kali, na kwenye supu ya kuku au mchuzi wa samaki inafanya kazi kuliko ile nene. Mbegu zake zinaota kwa masharti yaleyale. Kuhusu kile kitako cha seleri ya dukani ambacho watu hukisimamisha kwenye sahani ya maji, kitakupa majani machache ya kupamba chakula, kisha kitachoka.

Linabaki suala la pakiti. Pakiti ya gramu 5 ina zaidi ya mbegu 10,000, na nyumba ya watu sita haihitaji miche zaidi ya ishirini. Zilizobaki zifunge vizuri kwenye karatasi yake, uzitie kwenye chupa kavu yenye mfuniko unaokaza, pamoja na punje chache za mchele uliokaangwa ukapoa, ambao hunyonya unyevu. Andika mwezi na mwaka juu ya chupa, uiweke friji. Zikikaa kavu na baridi namna hiyo hudumu miaka mitatu na zaidi, kwa hiyo unaweza kusia kidogo kila Juni kutoka chupa hiyohiyo, na jirani aliyemwaga udongo wake Januari ukamgawia ncha ya kijiko.